Dawa ya magugu kando ya kijito, nyanya za jirani na ng'ombe wa malisho

Swali: Shikamoo mzee. Nalima ekari tatu za mahindi Kilosa. Shamba lina upana wa kama mita 100 na linateremka kuelekea kijito kinachoingia Mto Mkondoa. Mahindi ya mwisho yako kama mita 20 kutoka majini. Kulia kwangu jirani anamwagilia nyanya na mchicha. Kushoto ni uwanda ambao jirani zetu Wamaasai huchungia ng'ombe, na mimi mwenyewe nina mbuzi sita. Gharama ya vibarua wa palizi imenishinda, kwa hiyo msimu ujao nataka kutumia dawa ya magugu. Mwenye duka amenitoa hofu: anasema dawa ikigusa udongo inakufa, nipige alfajiri wakati hakuna upepo hata kidogo, na niweke mililita 200 kwa kila bomba la kupulizia. Je, ni sahihi?

Marahaba, binti yangu. Nimekaa kwenye kazi ya ugani miaka mingi, na karibu kila nilipoitwa kuangalia shamba lililoungua, mpiga dawa alikuwa ameuliza swali moja tu kabla ya kuanza: "Niweke kiasi gani?" Wewe umeuliza habari za kijito, za nyanya na za ng'ombe wa watu. Kwa hiyo nami nitakujibu kwa urefu.

Katika yale matatu uliyoambiwa dukani, la udongo ni nusu ya ukweli. La alfajiri ni hatari, hasa kwa mahali ulipo. La mililita 200 linaweza kuwa sawa au kosa kubwa. Inategemea miguu yako, na nitakuonyesha kwa nini. Lakini kabla hatujafika kwenye dawa, tupange kwanza ni wapi hutapiga kabisa.

Chukua kamba na vijiti, nenda kijitoni, pima mita 60 kupanda juu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi wa ukingo huo. Kumwaga sumu ya mimea ni shughuli ya namna hiyo. Mahindi yako yanaanza mita 20, maana yake kuna mita 40 za shamba ndani ya ukanda huo. Zidisha kwa upana wa mita 100, unapata mita za mraba 4,000, karibu ekari moja kamili. Ekari hiyo dawa isiingie, si ya dukani kwako wala ya duka jingine. Zimebaki ekari mbili za juu, na hizo ndizo tutakazozungumza.

Najua unajiuliza ufanye nini na ekari ya chini. Msimu huu ilime kwa jembe kama unailima, ila matuta yako yakate mteremko, yasishuke nao. Kisha anza taratibu kuirudisha kwenye majani: panda majani ya tembo kwa mistari kuanzia upande wa maji. Una mbuzi sita; majani yale utayakata na kuwalisha bandani. Mizizi yake itashika ukingo, na mashina yake yatapunguza kasi ya maji ya mvua ili tope lishuke chini kabla halijafika kijitoni. Ukanda wa majani mazito ndio kinga bora kuliko zote ninazozijua kati ya shamba na maji, na haununuliwi dukani.

Sasa lile la dawa kufa ikigusa udongo. Mwenye duka bila shaka alikuwa anazungumzia glaifoseti, ile ambayo lebo huandika glyphosate na wengi wetu huiita Roundup hata ikiwa chupa ina jina jingine. Ni kweli kwamba glaifoseti hushikamana na chembe za udongo, hasa mfinyanzi, na ikishashikwa hivyo haiui tena mmea kupitia mizizi. Ndiyo maana unaweza kuipiga leo na kupanda baadaye pale pale. Utaona tabia hiyo kwa macho ukichanganya dawa kwa maji ya kijito yaliyochafuka baada ya mvua: udongo ulio ndani ya maji unaishika dawa humo humo kwenye bomba, nawe unapita shamba zima ukipiga kitu ambacho hakitaua gugu. Tumia maji safi, ya kisima au ya bombani.

Lakini kushikwa si kufa. Udongo ulioshika dawa ukisombwa na mvua, dawa inasafiri nao. Isitoshe, ndani ya chupa hamna glaifoseti peke yake. Kuna kitu mfano wa sabuni kinachoifanya dawa isambae na kuganda kwenye jani, na katika michanganyiko mingi sabuni hiyo huwadhuru samaki na viluwiluwi wa vyura kuliko glaifoseti yenyewe. Kijito chako kinaingia Mkondoa, Mkondoa unaingia Wami, na Wami unapita hadi Saadani baharini, ukinywewa na watu njia nzima. Maji ya mradi wa Chalinze yanatoka humo.

Tena, hiyo habari ya udongo ni ya glaifoseti. Usiihamishie kwa dawa nyingine. Atrazini, ambayo huuzwa sana kwa wakulima wa mahindi, imetengenezwa ikae kwenye udongo na kuua magugu yanapochipua, na inazama na maji kwenda chini. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mwaka 2004 kwa sababu ilikuwa ikionekana kwenye maji ya ardhini kupita kiwango chao cha gramu moja katika lita milioni 10. Mimi kwenye mteremko wenye kijito chini yake siiruhusu. Na kama unachanganya kunde au maharage ndani ya mahindi, itayaua. Hata maharage ya msimu unaofuata yanaweza kuathirika.

Kisha kuna 2,4-D, ambayo wakulima wa mpunga huiita tu-fo-di. Hii huua magugu ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, kwa hiyo mahindi hupona yakipigwa bado machanga. Utaambiwa ni nzuri na ni rahisi. Kwako wewe jibu langu ni hapana, kwa sababu ya zile nyanya. Nyanya, pamba, alizeti, maharage na mboga za majani mapana huumizwa na 2,4-D kwa kiasi kidogo mno, kiasi usichoweza kukiona kikiruka. Majani hujikunja na kuwa membamba kama kamba, shina linajipinda, matunda yanatoka na maumbo ya ajabu. Nimewahi kumkuta mkulima ameng'oa bustani nzima akidhani ni ugonjwa wa virusi, kumbe shida ilikuwa kwenye shamba la mpunga la jirani. Na ile aina ya 2,4-D iitwayo esta ni mbaya zaidi: jua likiwaka inageuka mvuke kutoka kwenye majani uliyokwisha kuyapiga, inaondoka tena saa kadhaa baada ya wewe kurudi nyumbani. Kwa ukaribu wa jirani yako, usiiingize shambani kwako.

Imebaki glaifoseti, na tuelewane vizuri inavyotumika. Haichagui. Mahindi tunayopanda si yale yaliyotengenezwa kuistahimili, kwa hiyo ikiyagusa yanakufa pamoja na magugu. Kwako nashauri uipige mara moja tu, kabla ya kupanda, mvua za kwanza zikishaotesha magugu na yakiwa mabichi, hayajapita goti. Majani yaliyofunikwa na vumbi au yaliyonyauka kwa kiu hayanywi dawa. Kama una ndago au sangari, zipe wiki moja kabla hujatifua, ili dawa ishuke hadi kwenye mizizi. Halafu panda. Mahindi huumizwa zaidi na magugu katika wiki sita za mwanzo, kwa hiyo palizi moja nzuri ya jembe kati ya wiki ya tatu na ya nne itakufikisha. Hutakuwa umekwepa vibarua wote, lakini ile palizi ya kwanza ya ekari mbili, ambayo ndiyo humaliza watu, itakuwa imeondoka.

Wapo wanaopiga glaifoseti katikati ya mistari mahindi yakishaota, wakifunika kichwa cha bomba kwa dumu la lita 20 lililokatwa chini. Linafanya kazi kwa mtu mwenye mkono mtulivu. Kwa mara yako ya kwanza, acha.

Nije kwenye alfajiri, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ushauri ule wa "piga kusipokuwa na upepo" nimeusikia kwa watu wengi, hata kwa wenzangu wa ugani.

Upepo mkali unapeperusha dawa, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kwamba utulivu kamili wa alfajiri nao una hatari yake. Usiku ardhi inapoa, na hewa iliyoigusa inapoa nayo na kuwa nzito, wakati juu yake kuna hewa yenye joto zaidi. Hewa nzito imekaa chini, nyepesi imekaa juu kama kifuniko, hakuna kinachopanda. Ukipiga dawa wakati huo, matone makubwa yanaanguka, lakini yale madogo kabisa, mfano wa ukungu, yanabaki yananing'inia. Hayatawanyiki. Yanakaa pamoja kama shuka, na hewa ile ya baridi inapoteleza kufuata mteremko, yanaondoka nayo. Kilosa imekaa chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, na kila usiku tulivu hewa ya baridi inashuka mabondeni. Shamba lako linateremka kijitoni. Umeona shuka hilo litakwenda kulala wapi.

Kipimo chake ni moshi. Amka mapema, washa majani mabichi kidogo uangalie. Moshi ukipanda na kutawanyika polepole ukielekea upande mmoja, uko sawa. Moshi ukipanda kimo cha mtu kisha ukalala na kusambaa kama mkeka juu ya bonde, rudi nyumbani unywe chai. Mara nyingi ni saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza ndipo ardhi inapopata joto na kifuniko kile kuvunjika. Kwa hiyo muda wako ni kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi: umande umekauka, kuna upepo mwepesi unaousikia usoni na kuchezesha majani bila kutikisa matawi, na unajua unakoelekea. Upepo huo mwepesi wenye mwelekeo mmoja ni rafiki yako. Siku utakayopiga upande wa nyanya, uwe unavuma kutoka kwenye nyanya kuja kwako. Ukigeuka, funga bomba. Na hata ukiwa mzuri, acha mistari ya mita 10 mpakani mwa jirani uipalilie kwa jembe. Ule mchicha wake unachumwa jani na kupikwa. Dawa ikiugusa itaingia kwenye sufuria za watu kabla hata mmea haujaonyesha dalili.

Mvua nayo iangalie. Glaifoseti inahitaji saa zisizopungua sita juu ya jani bila mvua. Lakini mimi sipigi kabisa kama wingu linaonyesha mvua kubwa ndani ya siku ile na ya pili yake, wala udongo ukiwa umeshiba maji kiasi cha kutiririsha. Huo ndio wakati ambao shamba huosha kila kilichomo na kukipeleka mtoni.

Kuhusu bomba: lile unalopigia dawa ya wadudu, likiwa na nozeli ya kutoa ukungu wa mviringo, halifai. Ukungu mwembamba ndio unaoruka. Nunua nozeli bapa ya kupigia magugu, ile inayotoa dawa kama feni, pampu kwa mkono mwepesi, na kichwa cha bomba kiwe kimo cha goti, si cha kifua. Kama unaweza, tenga bomba la magugu peke yake na ulipake rangi nyekundu. Bomba lililobeba 2,4-D la kuazima huweza kuua nyanya za mtu wiki kadhaa baadaye, kwa masalia tu yaliyojificha kwenye mpira na kwenye mpini.

Sasa zile mililita 200. Pima eneo la mita 10 kwa 10 mahali pakavu. Jaza bomba maji matupu mpaka kwenye alama, pulizia eneo lile ukitembea mwendo wako wa kawaida, kisha pima ni maji kiasi gani yanarudisha bomba kwenye alama. Tuseme ni lita mbili na nusu. Ekari moja ina maeneo kama hayo takribani 40, kwa hiyo ekari yako inakunywa lita 100, sawa na mabomba sita na robo, kila bomba likiwa la lita 16. Tuseme lebo imeandika lita tatu kwa hekta. Hiyo ni lita moja na mililita 200 kwa ekari. Gawanya kwa mabomba yako: unapata mililita 190 hivi kwa bomba. Mwenye duka hakukosea sana.

Lakini kama unatembea taratibu, eneo lile likanywa lita nne, ekari itataka lita 160, yaani mabomba 10. Ukiweka mililita 200 kila bomba umemwaga lita mbili kwenye ekari iliyohitaji lita moja na mililita 200. Ziada ile haiui gugu lililokwisha kufa. Inabaki kwako, kwenye udongo, na kwenye njia ya maji. Chupa ile ile, bomba lile lile, tofauti ni miguu tu. Kila mwenye bomba afanye kipimo hiki mwenyewe. Kipimo cha jirani si chako.

Kuchanganya kufanyike juu kabisa ya shamba, mbali na kijito na kisima. Usichovye bomba mtoni, wala ndoo iliyowahi kushika dawa. Leta maji kwenye dumu safi, jaza bomba nusu, weka dawa, malizia maji. Hapa ndipo mikono inapokutana na dawa isiyozimuliwa, kwa hiyo vaa glavu za mpira, zisiwe za kitambaa, maana kitambaa kinanyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi. Mabuti ya mpira, suruali nje ya buti, shati la mikono mirefu, miwani au kinga ya uso wakati wa kumimina. Nozeli ikiziba isafishe kwa mswaki na maji; usipulize kwa mdomo, hata mara moja. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasishike kazi hii. Umeniandikia kwamba wewe ndiye mpigaji, kwa hiyo kama uko katika moja ya hali hizo tafuta mtu mzima mwingine umfundishe haya.

Tuje kwa mifugo. Katika visa nilivyovishughulikia, ng'ombe wachache mno walidhurika kwa kula jani lililopigwa glaifoseti kwa kipimo. Walidhurika kwa kunywa: ndoo ya mchanganyiko iliyoachwa chini ya mti wakati mpigaji amekwenda kula, dimbwi la maji ya kusuuzia bomba, chupa iliyotupwa. Mfugo una kiu na hausomi lebo. Kwa hiyo la kwanza, usiache chochote chenye dawa bila mtu hata kwa dakika tano.

La pili ni jani lenyewe. Gugu lililopigwa dawa linapoanza kunyauka, mara nyingi sukari hupanda ndani yake, na mbuzi wanaweza kulifuata gugu ambalo siku zote walilipita bila kulinusa, hata lile lenye sumu yake ya asili. Magugu kama mchicha pori yanaweza kujaza naitreti, aina ya chumvi ya naitrojeni, yakishtuliwa na dawa, hasa 2,4-D. Ng'ombe akila kwa wingi damu yake inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba hewa, na anakufa haraka sana huku mwenyewe akitafuta mchawi. Fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Kama lebo haikutaja malisho, mimi hukaa siku 14, na mbuzi wako wafunge mapema, usingoje mpaka waonekane shambani.

Kwa majirani zako wafugaji, usiwaachie wakisie. Siku tatu au nne kabla, nenda bomani ukamwone mzee, umweleze siku, upande wa shamba, na ni lini patakuwa salama. Mwombe awaambie vijana wanaochunga, kwa sababu wao ndio watakaopita. Funga vitambaa vyekundu mpakani. Usipige kwenye mapito ya ng'ombe wala pale wanaposhukia kunywa maji. Kilosa mmeshaona ugomvi wa wakulima na wafugaji unafika wapi. Mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba mwaka 2000 bado yana yatima wake. Ng'ombe mmoja akifia mpakani mwako baada ya wewe kupiga dawa kimya kimya, hakuna atakayesubiri kupimwa kwa damu.

Na kuna jambo ambalo hukuuliza, ila najua wakulima wengi wa huko hununua samadi kwa wafugaji. Zipo dawa za kuua vichaka na magugu ya malisho, kwa mfano zile zenye pikloramu, ambazo ng'ombe huzila pamoja na nyasi na kuzitoa karibu kama zilivyo kwenye mkojo na kinyesi. Samadi hiyo ukiiweka kwenye nyanya au maharage, mimea inajikunja kana kwamba imepigwa 2,4-D. Uingereza mwaka 2008 wenye bustani walipatwa na hali hiyo kwa dawa ya ukoo huo huo mpaka mauzo yake yakasimamishwa kwa muda. Muulize anayekuuzia samadi kama malisho yake yalipigwa dawa. Ukiwa na shaka, changanya samadi na udongo kwenye makopo matatu manne, panda maharage, ngoja wiki tatu. Majani mapya yakitoka yamejikunja, samadi hiyo isiende bustanini.

Ukimaliza kazi, suuza chupa mara tatu, na kila maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba uyapige shambani, yasimwagwe. Toboa chupa chini ili isigeuke ya maziwa au ya mafuta ya taa. Usiichome na usiizike karibu na maji. Mwulize afisa ugani wa kata inakopelekwa. Bomba nalo lioshwe kwa maji na sabuni mara tatu, juu ya shamba, kwenye eneo lile lile ulilopiga.

Na dukani: usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, hata kwa bei nzuri namna gani. Dai chupa iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wale wa Arusha waliochukua kazi za TPRI, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Angalia mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Soma pia jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo. Ukikuta paraquat, parakwati, irudishe. Inaunguza majani haraka na watu huipenda kwa hilo, lakini funda moja linaweza kumuua mtu mzima, mapafu yake yakishindwa polepole siku baada ya siku, na hospitali haina dawa ya kuizimua. Nyumba yenye watoto haihitaji kitu hicho chini ya kitanda.

Dawa yoyote ikikumwagikia, vua nguo zilizolowa na uoge kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15 bila kukatiza. Ikimezwa, usimtapishe mtu wala usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Kimbia hospitali na chupa mkononi, kwa sababu daktari anahitaji jina lililo kwenye lebo. Kwa mbuzi au ng'ombe ni vivyo hivyo: mwondoe pale, mpe maji safi ya kunywa kama anaweza kunywa mwenyewe, mwite afisa mifugo na umwonyeshe lebo.

Ukishanunua, usifungue kwanza. Niandikie jina la dawa, kiasi cha gramu kwa lita kilichoandikwa kwenye lebo, na lita ulizopata kwenye lile eneo la mita 10 kwa 10. Nitakupigia hesabu ya ekari zako mbili kabla mvua hazijaanza.